Kiganja cha Fundi Msasa

Katika gereji ile hapakuwa na kipimo kilichoheshimiwa kama kiganja cha fundi msasa. Mashine yake ilizungushwa kwa upepo wa kompresa huku maji yakitiririka juu ya bati, maana umeme na maji haviivi chungu kimoja. Akimaliza kusugua, alipitisha kiganja. Macho hayakuwa na kazi hapo, kwani bati likilowa hung'aa lote, hata lenye mabonde. Akisema "pita," binti yake, ambaye ndiye fundi rangi, alipiga rangi bila swali.

Lakini miaka ishirini na mitano ya kutetemeshwa na mashine haikumwacha salama. Mwanzoni vidole vilikufa ganzi asubuhi tu. Baadaye ganzi ikahamia humo jumla, ikaenea hadi kiganjani. Hakumwambia mtu. Alijikaza kisabuni, akajifunza kufunga vifungo vya shati kwa kuvitazama, na mkewe alipouliza mbona anavunja vikombe kila siku, alijibu kwamba vikombe vya siku hizi havina uzito. Mficha maradhi, jamani, mwisho wake tunaujua.

Siku moja likaja gari jeusi, na nyeusi ni rangi isiyosamehe. Alisugua mlango, akapitisha kiganja, hakusikia kitu. Kwa fundi mwenye mkono mzima, kutosikia kitu ndiyo dalili kwamba bati limekuwa sawa. Akasema pita.

Kesho yake mwenye gereji aliwasha taa ya kukagulia, na mlango mzima ukaonyesha mawimbi. Hakuwa mtu mkali, ila hilo lilikuwa gari la tatu kuharibika mwezi ule, na uvumilivu ulikuwa umemwishia. Alisema fundi rangi amevimba kichwa kwa sifa, afungashe virago vyake. Binti alijitetea kwamba rangi hufuata bati lilivyo, kisha akamgeukia baba yake.

"Ulipitisha mkono, baba?"

"Nilipitisha," alisema. "Palikuwa laini."

Hakusema uongo, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Aibu ilimpanda hadi masikioni, lakini alimwacha mwanawe abebe mzigo usio wake.

Alimfuata kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akamkuta anakunja ovaroli. Akaegemeza mkono juu ya benchi, akitaka kukiri. Binti hakumlaumu. Alimwomba tu atazame ukutani, kisha amwambie ni kidole gani ameshika.

Fundi aligeuza uso ukutani, penye kalenda ya mwaka uliopita. Alisubiri kuguswa. Alipoona haguswi, akabahatisha.

"Cha kati."

Alipogeuka, aliona vidole vyake vyote vimebanwa ndani ya mikono miwili ya binti yake, aliyebana hadi mishipa imemtoka, na machozi yanadondokea humo humo.

Baba alisema anakwenda kwa mwenye gereji sasa hivi, kumweleza kila kitu. Binti akatikisa kichwa.

"Usiende, baba. Mimi nitapata gereji nyingine. Wewe hutapata."

Kisha akamwachia mkono. Hilo nalo hakulisikia, aliliona tu.