Chaneli ya Kumi na Tisa

Kanisani walimwita Masikio, na wachache tu walikumbuka jina alilopewa na wazazi wake. Alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango wa kutokea, mbele ya mikisa, mashine ya kuchanganyia sauti, yenye vitufe vingi kuliko meno ya mamba. Kwa miaka ishirini na miwili hakuna sauti iliyowafikia waumini bila kupita kwanza chini ya vidole vyake. Inasemekana aliwahi kumsikia mbu akipenga kamasi nyuma ya spika ya kulia. Inasemekana pia kwamba mwaka fulani maiki ilianza kupiga mluzi katikati ya sala, yeye akaikazia macho tu, ikanyamaza kwa aibu. Wengi wa waliosimulia hayo waliyasikia kwake mwenyewe, lakini hiyo si hoja.

Siri yake kubwa ilikuwa chaneli ya kumi na tisa. Chaneli hiyo haikuunganishwa na kitu chochote duniani. Mzee Besi, yule mzee wa kanisa ambaye tangu ubatizo wake hakuwahi kuridhika na besi, akija na malalamiko yake, Masikio alikuwa anashusha kitufe cha kumi na tisa polepole, uso ameukunja kama daktari anayesikiliza mapigo ya moyo.

"Hapo je, mzee?"

"Aah! Hapo sasa. Hata kifua kimepumua."

Basi mzee anarudi kwenye benchi lake ameshiba, na Masikio anacheka kwa tumbo bila kufungua mdomo.

Lakini kazi hiyo hakuifanya kwa ajili ya Mzee Besi. Aliifanya kwa ajili ya mke wake, kiongozi wa kwaya. Walijuana hapo hapo kwenye mikisa, siku msichana mmoja mwembamba alipokuja kujaribu maiki na sauti yake ikatoka kama uzi. Masikio akapunguza huku, akaongeza kule, akatia mwangwi kidogo, na uzi ukawa hariri. "Sauti kakupa Mungu," alimwambia, "utamu naweka mimi." Tangu hapo, kila Jumapili wakikaa kula mchana, alisubiri sentensi moja tu kutoka kwake: "Leo nimesikika." Huo ndio ulikuwa mshahara wake, na hakuwahi kuomba nyongeza.

Mpaka akaugua mafua.

Jumapili ile mitambo ilishikwa na mwanyumba wake, mume wa mdogo wa mkewe, fundi wa redio aliyehamia karibuni na mikisa yake ndogo, nyembamba kama sinia, anayoiendesha kwa kidole juu ya tableti. Mke alirudi nyumbani macho yanang'aa.

"Baba, leo nimejisikia mpaka pumzi!"

"Pumzi?" Masikio alijiinua kitandani. "Pumzi ya nini?"

"Yangu! Miaka yote hii sikujua kama nina pumzi nzuri hivyo. Shemeji ana mkono, jamani."

Homa ilimtoka hapo hapo, kikaingia kijiba cha roho. Alimeza supu kama anameza misumari. Kesho yake mama mkwe naye akapiga simu, eti kumjulia hali, akamalizia kwa kusema, "Mkwe wangu, pumzika tu, usijisumbue. Huyu mwenzako anajitahidi." Anajitahidi! Usiku Masikio alimwota mwanyumba amekaa kwenye kiti chake, anatikisa mguu.

Meza ya nyuma ilikuwa na nafasi ya mikisa moja tu, hivyo wazee wa kanisa wakaamua. Jumapili ijayo zote mbili ziunganishwe na maiki zote, moja juu ya meza, nyingine juu ya stuli. Masikio ashike kwaya, mwanyumba ashike mahubiri. Baada ya ibada wazee wangechagua ipi ibaki, na mwenye nayo ndiye awe fundi.

Jumamosi mwanyumba alishinda kanisani anapanga nyaya. Alimkuta Masikio mlangoni, akamweleza kwa heshima zote, "Mwanyumba, kule nyuma ya amplifaya nimebadilisha matundu, ili waya wako usivutike. Nimebandika na karatasi, usije ukachanganya."

"Sawa, sawa," Masikio alijibu. Alikuwa anaangalia viatu vya mwanyumba, namna vinavyong'aa, na hakusikia hata neno.

Jumapili alfajiri alifika kabla ya mlinzi kumaliza chai. Alipiga magoti nyuma ya amplifaya. Kwa miaka yote tundu la kulia lilikuwa lake na la kushoto la wageni, na yeye hakuwa mtu wa kusoma vikaratasi. Mkono wake ulijua njia gizani. Akachomoa waya wa kushoto, akaulegeza pale pale ili uonekane umetoka wenyewe. Sasa mhubiri angepanda, angefungua kinywa, na kanisa zima lingegeuka kumtazama mwenye tableti. Masikio alijipangusa mikono akakaa kwenye kiti chake, mpole kama maji mtungini.

Kwaya ilisimama. Masikio alivaa hedifoni zake, akapandisha vitufe. Kulikuwa na kimya kidogo, cha kope kufumba na kufumbuka, halafu nyimbo zikajaa kanisa. Lo, siku ile alifanya kazi! Aliinua soprano, akaituliza besi, akamtanguliza mkewe kidogo kidogo kama mtu anayefungulia mgeni mlango. Ubeti wa tatu ulipofika akina mama walikuwa wameshatoa leso. Mzee Besi mwenyewe alisimama. Nyuma ya Masikio, mwanyumba aliinamia tableti.

"Bonyeza, bonyeza," Masikio alijisemea. "Zamu yako inakuja."

Mhubiri akapanda. Masikio alivua hedifoni, akakunja mikono, akasubiri kimya kile kitamu.

"Bwana asifiwe!" Sauti ilitoka safi, nene, mpaka vioo vikaitikia.

Masikio alijifanya ameangusha kalamu, akatambaa nyuma ya amplifaya, akawasha tochi ya simu. Waya uliolegea ulikuwa na kikaratasi kilichoandikwa kwa herufi kubwa: MASIKIO.

Alibaki magotini, na waliomwona walidhani anaomba. Taa za mikisa yake zilikuwa zimecheza, hedifoni zilikuwa zimeimba, lakini hakuna hata chembe ya sauti iliyotoka kwake. Asubuhi nzima alikuwa anasukuma kumi na tisa, meza nzima imekuwa kumi na tisa, na Mzee Besi wa leo ni yeye.

Ibada ilipoisha, mke wake alikuja mbio, bado na joho la kwaya.

"Baba we! Leo sijasikika, leo nimepaa! Hasa ule ubeti wa tatu. Umenifanyaje pale?"

"Siri ya kazi," alisema.

"Jumapili ijayo unifanyie hivyo hivyo, umesikia?"

Mzee Besi naye akampiga bega. "Fundi, wazee tumekubaliana. Mikisa yako haitoki hapa!"

Watu walipotawanyika, mwanyumba alikuwa amechuchumaa anakunja nyaya. Masikio alichuchumaa upande wa pili. Wakakunja waya mmoja, wa pili, kisha Masikio akauliza.

"Ulijua?"

"Tangu wimbo wa kwanza. Nilipoona vitufe vimepanda na spika ziko kimya, nikawasha yangu."

"Mbona hukuniambia?"

"Katikati ya ibada? Na wewe ulivyokuwa umenoga vile?" Mwanyumba alicheka kidogo. "Nilikuwa nafuata mkono wako. Ukipandisha, napandisha. Ukishusha, nashusha. Una mkono, mwanyumba, wallahi tena."

Masikio alivuta pumzi. Basi kumbe ilikuwa kazi yake! Kifua kikaanza kumjaa.

"Isipokuwa ubeti wa tatu," mwanyumba aliongeza, akifunga waya. "Pale nilifanya yangu."

Kifua kikashuka chote. Angeweza kunyamaza. Kiti kilikuwa chake, wazee wameshasema, na hakuna mwingine aliyekijua kile kikaratasi. Lakini Jumapili ijayo ubeti wa tatu ungefika, mke wake angegeuza jicho kule nyuma, na yeye asingekuwa na cha kumpa. Hilo lilimuuma kuliko tableti, kuliko viatu, kuliko hata simu ya mama mkwe.

"Waya niliuchomoa mimi," alisema. "Nilidhani ni wako."

"Najua. Una vumbi magotini tangu asubuhi."

Masikio aliyaangalia magoti yake. Kisha alivuta kiti chake cha miaka ishirini na miwili, akakipangusa kwa kiganja, akakisukuma mbele ya mwanyumba.

"Kaa hapo. Twende kwa Mzee Besi baadaye, nitamwambia mwenyewe. Kwanza nionyeshe ule ubeti wa tatu, polepole." Akanyoosha kidole. "Na usitikise mguu."