Aliyeanguka na Viatu

Wajukuu wangu, watoto wa binti yangu wa pekee, hawataki niketi nao wakitazama tivii. Wanasema nyanya anaharibu. Ni zile tamthilia za polisi: mtu kauawa chumbani, inspekta kavaa koti na jua linawaka, anachutama, anaokota unywele mmoja na kesi imekwisha. Mimi nami siwezi kunyamaza. Nawaambia yule muuaji aliingia na saa mkono wa kushoto, sasa iko wa kulia. Nawaambia damu ya tangu jana haiwi nyekundu vile, huwa nyeusi. Nawaambia maiti anapumua, hebu tazameni tumbo. Basi wanaguna, wanazima, wanakwenda kutazama kwa jirani. Na waende. Maiti anayepumua ndiye ninayemtafuta kila mara, na nikimpata moyo wangu unatulia.

Ugonjwa huu niliupata kwenye sinema ya kwanza niliyoiona maishani, mwaka wa sitini na saba, wakati wa vita vya shifta. Serikali ilikuwa imetukusanya nje ya mji wa Garissa, ndani ya seng'enge, vibanda vimebanana, koo ambazo zamani hazikushirikiana hata kisima sasa zinasikilizana zikikohoa. Kutoka ni kwa ruhusa, kurudi ni kabla ya jua kuzama. Ngamia wetu wengi walikuwa wamepigwa risasi au wamechukuliwa. Mtu wa ngamia asiye na ngamia hana la kufanya asubuhi, anaketi tu na kugombana na mkewe.

Mume wangu, Dagane, alichukuliwa katikati ya jilaal, kile kiangazi chetu kikavu, siku lori la askari liliposhambuliwa barabarani. Wanaume waliokutwa kisimani walipakiwa kwenye magari, na ngamia wao wakaswagwa nyuma. Pamoja nao alikwenda ngamia wetu wa mizigo, dume jekundu lenye sikio lililopasuka. Hatukusikia neno tena. Ukienda langoni kuuliza unaambiwa, nenda nyumbani, mama. Nyumbani wapi? Binti yangu alikuwa bado ananyonya.

Sasa Kerrow, kaka yake Dagane, akaingiwa na haraka. Kwetu mwanamke akifiwa, ndugu wa marehemu humwoa, ndiyo dumaal, na ndugu akiwa mwema ni sitara kubwa. Lakini Kerrow namjua. Mke wake wa kwanza alikuwa akitafuna upande mmoja wa mdomo, kwa sababu meno ya upande wa pili Kerrow aliyamaliza kwa ngumi. Kila Ijumaa mtu huyo alikwenda kwa Maalim Jelle, mwalimu wetu wa Kurani, ambaye mle ndani ya seng'enge ndiye aliyekuwa kadhi wetu pia. Anamwambia, wale wa kisimani waliuawa wote, Maalim, lisemwalo lipo. Mwambie mwanamke akae eda, imalizike, nimwoe.

Maalim Jelle alikuwa mzee mgumu, hasukumwi. Alimjibu kwamba ndoa haivunjwi na uvumi. Alitaka mashahidi wawili, ama waliomwona Dagane hai, ama waliomwona maiti. Basi mimi nikawa naomba usiku na mchana, Ewe Mola, wa maiti wasipatikane. Nilimpenda mume wangu, sioni haya kusema. Na Kerrow nilimwogopa.

Nilikuwa nikiishi kibanda kimoja na mama yao, Arbia. Nilimwita hooyo, mama, kama alivyokuwa akiitwa na wanawe. Fikiria taabu yake: mmoja kapotea, wa pili anataka mke wa aliyepotea. Hakuwahi kunisukuma kwa Kerrow wala kunizuia. Aliketi mlangoni akitazama lango la seng'enge, ukimsemesha anaitikia kwa kichwa.

Baada ya mvua ya masika kupita, likaja gari la sinema. Tuliamriwa tutoke sote, wazee kwa watoto, tukaketishwa mchangani mbele ya shuka jeupe lililofungwa kwenye nguzo mbili. Magharibi ilipokwisha kuswaliwa, mashine ikaanza kunguruma. Mtu mmoja alishika kipaza sauti akawa anaeleza kwa Kiswahili, na mimi niliyewahi kuuza maziwa sokoni nikawa namfasiria hooyo Arbia kwa Kisomali, kwa sauti, maana wengine nao walikuwa wametega masikio.

Kilikuwa kisa cha polisi. Mwenye duka kauawa na jambazi, na inspekta hodari wa kutoka Nairobi anamsaka porini. Mwanzo watu walikaa kimya wamenuna. Kisha akatokea mwanamke, ati wa Kisomali, kachutama chini ya ngamia anamkamua kama anakamua mbuzi. Wallahi, kwetu mwanamke hamkamui ngamia, na ngamia hakamuliwi kwa kuchutama. Nikasema, huyo mama akimaliza ngamia atamkamua na fisi. Watu wakaangua kicheko. Hatukuwa tumecheka tangu tuingie mle.

Basi nikapata kichwa. Inspekta anafuata nyayo za jambazi, nami nasema, hizo ni nyayo za ngamia mwenye mzigo, na huyo jambazi wenu amepanda ngamia asiye na mzigo. Jambazi anakunywa chai kwenye kikombe cha bati, kamera ikirudi ana gilasi. Nikasema, utajiri umemwingia ghafla. Anaswali, na kivuli chake cha alasiri kinaonyesha kageukia kusini. Mzee mmoja akasema, labda Makka nayo imehamishwa, imewekwa ndani ya seng'enge. Hata askari waliotulinda walicheka, bila kujua wanacheka nini.

Likaja lile la kufa. Jambazi anakimbia, tunamwona mgongo tu, inspekta anafyatua bastola, jamaa anaanguka kifudifudi kwenye majani mabichi. Kisha picha nyingine: amelala chali, kamera inaanzia miguuni. Nikapaza sauti, nafasi nimeipata: kaanguka na viatu, kalala peku. Nani kamvua, inspekta? Kicheko hicho, watoto wanagaagaa mchangani. Kamera ikapanda polepole, magoti, kikoi, kifua, ikafika usoni.

Alikuwa Dagane.

Kicheko kilikatika. Hooyo Arbia alijifunika uso kwa shuka lake akaanza kutikisika, na wanawake wakamzunguka. Mimi sikujifunika. Nilitazama kwa sababu sikuwa nimemwona tangu jilaal, na sikujua nitamwona tena lini. Nyuma yake alikuwa amepiga magoti dume letu jekundu, sikio lake lile lile. Kamera ilikaa pale muda mrefu, mtu wa kipaza sauti akisema mwisho wa jambazi ndio huu. Nzi akatua kwenye jicho la mume wangu, jicho liko wazi. Akatembea juu ya mboni, akafika kwenye pembe, akatulia. Nikajiambia, Dagane ni mvumilivu.

Nyuma yangu nikasikia Kerrow akimwambia Maalim, mashahidi uliwataka, hawa hapa, kijiji kizima.

Lakini sinema ilikuwa bado haijaisha. Inspekta akapewa mkono na wakubwa zake, halafu tukaonyeshwa ati majambazi waliosalimu amri, wanaongoza ngamia wao kwenda kugawiwa unga. Watu katika mstari. Wa kwanza simjui, wa pili simjui, wa tatu Dagane. Dagane anatembea, kamba ya dume jekundu mkononi, anageuka, anatazama upande wetu kidogo kama mtu aliyeitwa, kisha anaendelea na safari yake.

Ebo, pale palilipuka. Watu walisimama, wanapiga kelele, huyo, huyo, yu hai. Wanawake wakapiga vigelegele, hooyo Arbia akainuliwa, shuka likamwanguka kichwani na hakulijali. Askari wakashika bunduki wakidhani ni fujo. Maalim Jelle akapanda juu ya sanduku akatoa uamuzi palepale. Alisema huyu mtu tumemwona amelala, kisha tumemwona akitembea. Maiti haamki. Basi kule kulala kulikuwa kuigiza tu, ni kosa la waliotengeneza, wamesahau kwamba wameshamuua. Na baada ya kulala tumemwona hai kwa macho yetu, mashahidi si wawili, ni mamia. Timiro ni mke wa mtu, na asiguswe tena kwa maneno haya. Kerrow alitema mate mchangani akaondoka.

Timiro ni mimi. Watu walinishika mabega wakanipongeza, nami nilikuwa bado natazama shuka, ule mstari unamalizika kupita. Nikaitazama nundu ya dume letu.

Ilikuwa imelala upande, imenywea kama kiriba kisicho na maji. Na kule nyuma ya Dagane alipokuwa amelala chali, nundu ilikuwa imesimama imejaa, na majani chini yake mabichi. Nundu haianguki kwa siku moja wala haijai kwa siku moja. Ile iliyonywea ilikuwa ya jilaal, ya siku zile zile walizomchukua. Iliyojaa ilikuwa ya baada ya mvua. Wale watu wa sinema walikuwa wameshona nguo yao mwisho mbele. Kutembea ndiko kulikotangulia, kulala kumefuata. Na aliyeanguka na viatu alikuwa mwigizaji, kaanguka, kainuka, kajipangusa vumbi. Aliyelala peku hakuwa mwigizaji.

Sote pale tulikuwa watu wa ngamia. Mtoto wa miaka saba kwetu akitazama nundu anakwambia mvua ilinyesha lini. Lakini usiku ule watu walimtazama mtu, furaha ikawapofua, na ngamia hakutazamwa na yeyote isipokuwa mimi. Natamani nami nisingemtazama.

Nilitembea nao mpaka kibandani nikiwa nacheka, maana ningefanyaje? Nikisema, Maalim atabadilisha uamuzi, nitakaa eda, na eda ikiisha mlangoni yuko Kerrow na ngumi zake. Nisiposema, mume wangu atabaki huko alikotupwa bila hata kuswaliwa, na mama yake ataendelea kutazama lango mpaka afe. Nililala nimemkumbatia binti yangu. Sikulia, kibanda kilikuwa cha matete na majirani walikuwa karibu.

Asubuhi hooyo Arbia aliamka kabla yangu. Alikuwa kijana tena. Alikuwa ameazima hina kwa jirani, ameshaikoroga, anaimba kwa pua. Akasema, mtu aliyeonekana akitembea anaweza kutokea langoni siku yoyote, asije akakukuta na mikono mikavu kama mjane. Lete mikono.

Nikaipeleka. Aliposogeza kijiti cha hina, nikaivuta. Sikukusudia, wallahi, ilirudi yenyewe. Mjane hapaki hina mpaka eda yake iishe, na mikono yangu ilikuwa inajua.

Aliniangalia mikono, kisha akaniangalia uso. Ule wimbo ukakatika. Alikuwa mwanamke aliyezika mume na watoto watatu, hafundishwi. Akaniuliza taratibu, "Wewe uliyekuwa unaona makosa yote jana, umeona kosa gani jingine?"

"Nundu, hooyo."

Nikamweleza ya nundu, na ya majani. Akasema huenda baada ya mvua walimlaza tu aigize, kisha wakamrudisha. Alikuwa ananiomba. Ningeweza kuishia hapo, lakini alikuwa mama yake, nami sikuweza kumdanganya mtu anayenitazama vile. Nikamwambia ya nzi.

Aliweka bakuli chini. Kisha akaniambia nifunge mlango, tutie udhu. Tulimswalia Dagane sisi wawili, swala ya maiti asiyekuwepo, tumesimama bega kwa bega, takbira nne bila kurukuu, sauti zetu chini kabisa. Alipotoa salamu alibaki amesimama akitazama ukuta. Nikamwambia, hooyo, nitakwenda kumweleza Maalim, ni mwanao, ana haki ya kuliliwa hadharani.

"Atakuja Kerrow," akasema.

"Atakuja."

"Yule nimemzaa mimi. Namjua zaidi yako." Akapangusa pua kwa upindo wa nguo. "Dagane hataki tena kitu chochote kwetu isipokuwa dua, na dua tumeshampa. Wewe bado una meno yako."

Nje tulisikia wanawake wanakuja, wengi, wanasemezana kwa furaha, mmoja anapiga vigelegele tangu mbali. Walikuwa wanakuja kumpa hongera. Arbia alinishika kifundo cha mkono. Nilipotaka kuvuta hakuniachia, na nguvu zake zilinishangaza.

"Kulia tutalia usiku," akasema. "Lete mikono, upesi, wakukute nayo mibichi."

Akanipaka hina mama wa maiti, vidole vyote, viganja, mpaka kwenye vifundo. Alipomaliza alifungua mlango, akasimama kizingitini akitabasamu, na yule wa kwanza alipomwuliza kama ni kweli Dagane yu hai, akajibu, "Alhamdulillahi, tumemwona kwa macho yetu."