Tonge la Bi Wahiba

...na mkono wenyewe hautetemeki, mashaallah, mwanamke wa sitini na ushee kakunja magoti mkekani, kaupitisha mkono juu ya sinia zima mpaka mbele ya mdomo wangu na hapo kauacha, samli inachuruzika vidoleni inaelekea kwenye bangili, na mie Lujain binti Hamoud, mwalimu wa hesabu, mtu mzima na akili zangu, nimebana mdomo kama mtoto anayeletewa dawa ya minyoo, fungua mdomo mkwe wangu, anasema Bi Wahiba, sema bismillahi, na mawifi wanacheka, mmoja kashika simu anarekodi, anaona haya huyo, anaona haya, haya gani jamani, haya zangu ziliisha siku niliyomezeshwa kamera mpaka tumboni mbele ya wanafunzi wa udaktari, mie sioni haya, mie naangalia tonge, ni bokoboko, ngano na nyama ya mbuzi vilivyopikwa na kupondwa mpaka vikawa kitu kimoja cheupe kinachovutika, na linanukia, hilo siwezi kulidhulumu, linanukia mdalasini na kitunguu cha kukaanga, mate yananijaa kama mjinga, maana ulimi haujui habari za utumbo, ulimi unakumbuka Idi tu, unakumbuka utoto... ndiyo desturi yao kwenye nyumba hii ya Kinondoni, binti akishaposwa, siku ya kwanza kukaribishwa analishwa tonge la kwanza na mama mkwe kwa mkono wake, akimeza vinapigwa vigelegele na hapo kishakuwa mtoto wa nyumba, asipomeza sijui inakuwaje, hakuna aliyewahi kukataa, Mazin mchumba wangu alinieleza hayo kwenye simu anacheka, nikamwuliza tonge la nini, Mazin, tonge la nini, akasema nitaongea na mama, we usijali, na asubuhi hii kaniandikia sijapata nafasi mpenzi, nafasi! wanaishi nyumba moja, wanakunywa chai meza moja, nafasi anaitaka ya ukubwa gani huyu, na sasa hivi namsikia kule sebuleni na wanaume wanabishana mpira, anacheka kwa sauti kuliko wote, nampenda, wallahi nampenda, ndiye anayesoma paketi dukani kabla yangu, anageuza biskuti anatafuta neno ngano kwa kidole kama anatafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani, ila mbele ya mama yake anakuwa mtoto wa chekechea, na mama yangu je, mama yangu ndiyo usiseme, toka Temeke mpaka hapa ndani ya teksi wimbo ni mmoja, tonge moja Lujain, tonge moja haliui, meza, cheka, ukaumwe kwako, kwa watu usitaje ugonjwa, mke mgonjwa nani anamtaka, watasema tumewapa kitu kibovu, dereva ananiangalia kwenye kioo, na mie nikasema sawa mama, nikasema sawa kwa sababu nilikuwa nimechoka kubishana, na sasa sawa yangu ndiyo hii imenyooshwa mbele ya mdomo.

Na kweli haliui, hapo ndipo kesi yangu inapokuwa ngumu, ningekuwa naanguka papo hapo, macho yamegeuka, watu wanaita gari, wangeniamini, lakini mie nitameza, nitacheka, nitapigiwa vigelegele, halafu usiku tumbo litajaa kama mpira, nitaenda chooni na kurudi na kwenda tena, vidonda vitaota chini ya ulimi, na wiki nzima kichwa kitakuwa na ukungu, nitasimama mbele ya darasa la nne nisahau saba mara nane, na watu watasema mbona Lujain alikula vizuri tu, tena alicheka... chukua mwanangu, anasema Bi Wahiba, nimeambiwa ulikonda sana, hii ndiyo dawa yake, na anasema kwa upendo kabisa, macho yake yanasema kweli, na ndiyo kinachoniuma, kwa sababu dawa hiyo naijua, dawa hiyo ndiyo iliyonimaliza, kwetu mzazi akijifungua anapikiwa bokoboko, mtoto akitoka homa anapikiwa bokoboko, mwanamke akikonda, bokoboko, basi nilipoanza kukonda pale chuoni mama akaingia jikoni, akaponda, akakoroga mpaka mabega yakamuuma, kula mwanangu upate nguvu, nakula, nakonda, anaongeza samli, nakula, nakonda zaidi, nywele zinatoka kwenye kitana mafungu mafungu, hospitali ya kwanza wakasema minyoo, ya pili amiba, ya tatu typhoid, typhoid gani hiyo ya kila mwezi, ya nne vidonda vya tumbo, punguza mawazo dada, nikawa na mawazo ya kupunguza mawazo, jirani kaangalia tumbo langu lilivyovimba akamwuliza mama harusi lini, akachekelea, mama akalia, halafu ikaja Ramadhani na mie nikawa mzima, mchana kutwa nimefunga niko mwepesi, naimba, jua likizama tu, futari, tambi za nazi, kaimati, sambusa, nusu saa baadaye nimejikunja sakafuni, na mama akasema unaona, ni jini, tena jini huyu hapendi futari, nikasomewa maji, nikanywa, nikayashushia na chapati, astaghfirullah, nacheka sasa lakini wakati ule sikucheka, nilikuwa najiandaa kufa kimyakimya nisiwasumbue... ndipo Daktari Avelina, mama wa Kihaya asiyepandisha sauti, akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza, unakulaga nini nyumbani, nikamtajia, akatoa damu, akaniingizia kamera, akakata kinyama kidogo kikapelekwa maabara, siku ya majibu akanichorea kwenye karatasi, utumbo wako ndani una vinyweleo vidogo kama zulia, ndivyo vinavyofyonza chakula, sasa ngano ikipita mwili wako unaiona adui, unapigana nayo, na kwenye kupigana unalilaza zulia lako mwenyewe, chakula kinapita tu kinatoka, ndiyo maana unakula na unakonda, inaitwa seliaki, haina kidonge, haina sindano, dawa yake ni kuacha ngano na shayiri maisha yako yote, hata chembe, nikamwuliza hata siku ya harusi yangu, akasema hata siku hiyo, nikalia pale pale, sikuilia ngano, nilimlilia mama na mabega yake, na mwiko wake, miaka yote ile alikuwa ananilisha ugonjwa kwa mkono wa huruma na hakuna wa kumlaumu.

Na nimepona, watu hawaelewi hilo, wanasikia ugonjwa wa maisha wanatikisa kichwa, masikini, mie si masikini, mie nimepona, damu imepanda, kucha zimekuwa ngumu, ngazi za shule nazipanda naongea, nywele mpya zinanisimama hapa mbele ushungi hauzizuii, na kumbe jiji hili zima limejaa chakula changu, wali, ugali, muhogo, ndizi, samaki wa soko la Feri, mbaazi za nazi, vitumbua vya mchele ilimradi mpikaji hachanganyi unga, mkate wa kumimina, nani anataka chapati mwenye mkate wa kumimina mkononi, uongo, nazitaka chapati, nazitaka mpaka leo, lakini nataka zaidi kulala usiku, tatizo si chakula, tatizo ni watu, ni chipsi zilizokaangwa kwenye mafuta ya sambusa na muuzaji anasema dada mafuta yanaua kila kitu, ni mama kuchukua mwiko wangu niliouzungushia uzi mwekundu akageuzia chapati, nikilalamika, ah, si nimeuosha, na kubwa kuliko yote ni sinia, kwetu watu wanakula sinia moja, mkono huu na ule, na mie nikikaa na sahani yangu pembeni wageni wanaona najitenga, najisikia, ana kinyaa huyo, kwa hiyo nimejifunza kuwahi, nachota changu kabla mkono wowote haujagusa, lakini leo nimewahiwa, hilo ndilo, leo mkono wa mtu umeniwahi... Lujain, usimchoshe mama mkwe wako mkono, anasema mama yangu, anacheka kile kicheko chake cha mbele za watu, ana haya sana huyu mtoto wangu Bi Wahiba, kalelewa hivyo, na ananikazia macho, meza, meza mwanangu usinitie aibu, nami namrudishia macho kwa hasira, kwa sababu nina hasira jamani, yeye aliyelala chini ya kitanda changu cha hospitali ndiye anayeniambia tonge moja, na pale ndipo namwona. Sijui ni kwa nini ni leo, namwona anakula, yeye kishatangulia kula matonge yake ili kumfurahisha mwenye nyumba, na mkono wake wa kushoto umeingia chini ya mtandio, unabonyeza tumbo, taratibu, mahali pale pale ninapobonyezaga mie, halafu anamgeukia wifi mmoja, mwanangu niletee maji ya moto kidogo na tangawizi kama ipo, gesi tu hii, na maneno hayo nimeyasikia toka nazaliwa, gesi tu hii, baada ya kila Idi, baada ya kila maulidi, mama anajinyoosha chumbani kagandamiza mto tumboni na sie watoto tunaambiwa mwacheni, kachoka kupika, mama na vidonge vyake vya damu visivyoisha, mama na vidonda vya mdomoni anavyopaka asali, mama aliyeteleza bafuni kidogo tu mkono ukavunjika kama kijiti, mama na zile mimba mbili kati yangu na kaka zilizoharibika na mashangazi wakasema tumbo lake halishiki, na bibi, mama yake, aliyekwisha kwa kukonda mpaka pete zikamvuka, kalazwa ubavu, na mama anamlisha nini, anamlisha bokoboko, kwa kijiko, kidogo kidogo, meza mama upate nguvu... Ya Rabi, Daktari Avelina aliniambia, mama naye aje, ugonjwa huu unatembea kwenye damu ya ukoo, nikampa mama ujumbe akaucheka, mie? mie nishazeeka, sie wanawake wa kwetu matumbo yetu ndivyo yalivyo, nikadhani ni ubishi, nikamkasirikia, kumbe anaogopa, si Bi Wahiba anayemwogopa, anaogopa kuambiwa kwamba haikuwa gesi, kwamba si tumbo lisiloshika, kwamba mama yake aliyemlisha kwa kijiko... nani angependa kusikia hayo akiwa na miaka hamsini na nane, mie ningekimbia, na mie nikimeza leo namwambia kuwa yuko sahihi, kwamba hivi ndivyo tunavyofanya, tunameza, tunacheka, tunaomba maji ya moto, na kesho nikizaa binti nitamfundisha namna ya kubonyeza tumbo chini ya mtandio watu wasione.

Basi, hasira imeniisha yote, hata ile ya Mazin, namwangalia mama yangu na uso wake mzuri uliopauka na moyo unanijaa, miezi michache tu na ningeweza kumwona anapanda ngazi anaongea, anakula wali wake analala usiku kucha, mama yangu ambaye sijawahi kumwona akiwa mzima hata siku moja na sikujua, angekuwaje huyu mwanamke akiwa na nguvu, pengine asingeshikika, na Bi Wahiba naye si adui, mtu aliyevumilia kuninyooshea mkono muda wote huu anaweza kuvumilia na neno langu, akishindwa, basi nitajua leo badala ya kujua baada ya kuzaa, ila sidhani atashindwa, kwanza apimwe mama yangu, na Daktari alisisitiza, asiache ngano kabla ya kipimo, akiacha mwili unapumzika na damu inadanganya kuwa hana, aendelee kula mpaka siku ya kupimwa, akishaacha, nyumbani nipo mie wa kumshika mkono, Jumatatu shule nitaomba ruhusa nimpeleke... mkono wa Bi Wahiba bado uko pale pale, samli imefika kwenye bangili, wifi na simu yake, haya jamani anafungua, anafungua, na kweli nafungua mdomo, mama anashusha pumzi, naushika mkono wa mama mkwe kwa mikono yangu miwili, naubusu juu, pale pasipo na samli, na nasikia sauti yangu ya darasani inatoka, haitetemeki wala nini, mama nisamehe, mkono wako nimeupokea, ila ngano kwangu ni sumu, siili, na hilo tonge mpe mama yangu hapa, yeye anaruhusiwa mpaka Jumatatu.