Nyundo ya Sajini Ombati

Jeneza lilikuwa limeshawekwa juu ya kamba, tayari kushushwa, na Onyiego aliangalia jua lilivyoinamia majani chai ya Gesima. Ilikuwa Ijumaa. Wasabato hawaziki Sabato ikishaingia, jua linapozama, na mchungaji alishaanza kile kikohozi chake cha kuwaharakisha watu.

Hapo ndipo shemeji yake Mong'ina, mjane mwenyewe, aliposema marehemu hashuki.

Kisa ni nyundo. Ombati, kaka yake Onyiego, alikuwa fundi wa ndege za kivita hadi alipostaafu. Aliporudi nyumbani alichora kwenye ukuta wa ghala kivuli cha kila kifaa: jembe, panga, msumeno, nyundo. Kikitumika, jioni lazima kirudi kivulini mwake. Onyiego alimcheka miaka yote, akamwita rubani wa majembe. Sasa vijana walikuwa wametumia vifaa hivyo kuchimba na kupigilia mbao za kaburi, na Mong'ina alipopita ghalani akakuta kivuli cha nyundo kitupu.

"Shemeji, nitakununulia nyingine Nyansiongo," Onyiego alimnong'oneza. "Tusimlaze kaka nje kwa ajili ya chuma."

Mong'ina alimtazama mzee Jeconia, Mjaluo kutoka Homa Bay aliyetumikia skwadroni moja na Ombati, kikosi cha ndege za kivita. Jeconia akajiinua kwa mkongojo. Akaeleza kwamba watu wakisikia skwadroni huwaza marubani, kumbe hao ni wachache tu. Nyuma yao wako mafundi wa injini, wa redio, wa silaha, wa mafuta, wanaofanya kazi kwa zamu, na kila zamu ina sajini wake. Ombati alikuwa sajini wa zamu. Ubao wake wa vifaa ukiwa na kivuli kimoja kitupu, ndege haikuondoka, hata kamanda wa skwadroni afoke namna gani.

"Kabla hajapewa zamu, kuna ndege moja iliruhusiwa kuruka," Jeconia alisema. "Spana ilisahauliwa ndani, ikabana usukani. Rubani alikuwa kijana mdogo, ndoa haina hata mwaka. Tulipoikuta kwenye mabaki, Ombati ndiye aliyeiosha, akairudisha ubaoni."

Utani ulimkauka Onyiego mdomoni. Alivua koti la suti, akampa mkewe Lorna, akaomba jeneza lisogezwe kando, kisha akashuka kaburini mwenyewe huku wazee wakiguna. Akapapasa kandokando ya mbao, akang'oa ubao wa upande wa kichwani uliokuwa na mwanya. Nyundo ilikuwa imetumbukia chini yake, imefunikwa na udongo.

"Ungeilalia, kaka," alisema polepole, "halafu ungetusumbua ndotoni."

Wachache walicheka, hata Mong'ina akafuta macho kwa leso. Onyiego aliupigilia ubao upya, akapanda juu, akaipangusa nyundo kwa tai yake, akaenda nayo ghalani bila kumtuma mtu. Aliporudi, Mong'ina alikuwa amesimama kando ya jeneza.

"Vivuli vyote?" akauliza.

"Vyote, shemeji."

"Basi aondoke."

Vijana wakazishika kamba. Jua lilikuwa bado juu ya majani chai.