Barua Iliyoanzia Katikati

Sikuwa na shule ya mchana. Sikuwa na meza. Niliandikia juu ya ubao niliouweka magotini. Sikuwa na mwalimu ila yule wa madarasa ya jioni, naye alisinzia kuliko sisi wanafunzi. Kamusi sikuipata mpaka nilipotimiza miaka ishirini na saba. Na mwaka ninaotaka kuusimulia, hata mke sikuwa naye nyumbani: alikuwa amekwenda mbali kusomea uuguzi, miaka miwili, akaniachia binti wetu wa miaka sita tuliyempa jina la utani Sisimizi.

Nilichokuwa nacho ni mwandiko. Siku za kazi nilikuwa karani wa ghala la mbao. Jumapili nikitunga hadithi, na gazeti lilishazichapa mbili. Kwa hiyo kila mwezi Sisimizi alipotaka kumwandikia mama yake, nilimsaidia. Yaani yeye alikaa, mimi nikaandika.

Mwezi wa tano likaja jibu. "Baba Sisimizi," aliandika mke wangu, "barua za mtoto ni nzuri mno, lakini sauti yake siisikii. Niambie kweli. Amenisahau?"

Nilimwonyesha dada yangu, fundi cherehani, aliyekuja kumpima mtoto gauni.

"Hebu nione ulichoandika," alisema. Nakala nilikuwa nazo zote, kwa tarehe. Akasoma kwa sauti: "'Yah: Kukujulisha hali yangu. Husika na kichwa cha habari hapo juu.' Kaka! Mtoto hana hata meno ya mbele, wewe umempa kichwa cha habari?"

"Ndio utaratibu wa barua."

"Utaratibu wa kuomba kazi! Kwani anaomba nafasi ya kuwa mwana?"

Akaenda zake akicheka mpaka barabarani.

Mchana ule kulikuwa na manyunyu, na mwanga chumbani ulikuwa mweupe kama maziwa. Nikampa Sisimizi karatasi na penseli. Akalala kifudifudi sakafuni, akaanza katikati kabisa ya karatasi, kisha akawa anaizungusha, maneno yakijiviringisha kama konokono.

"Mama, barua huanzia juu, kushoto," nilimwambia binti yangu.

"Ukianzia pembeni maneno yanaanguka," alisema bila kuinua kichwa.

Nikachukua rula, nikampigia mistari kwenye karatasi nyingine. Akaweka penseli chini.

"Basi hiyo iwe yako, baba. Yangu nitamwambia mwenyewe akirudi. Kama sitakuwa nimesahau."

Neno hilo lilinichoma. Nikairudisha rula kabatini, nikakaa kitandani. Kwangu kutosahihisha ni kazi ngumu.

Akaandika. Karatasi ikazunguka, ikazunguka, nami kwa kuitazama nikaona chumba nacho kinazunguka polepole: dirisha likapita, kabati likapita, picha ya mke wangu ukutani ikapita, ikarudi tena, na mvua ikawa inanyesha kutoka pande zote. Sijui tulielea hivyo kwa muda gani.

"Tayari," alisema.

Ilinibidi nipige magoti, mimi karani, nitambae kuizunguka ile karatasi ili niisome:

*mama mto wako nimeulalia mpaka harufu imeisha rudi uutie nyingine baba anaunguza chakula anasema ni moshi wa jirani jioni anaongea na picha yako anaiuliza umekula*

Sikujua kwamba ananisikia. Masikio yakaniwaka moto.

"Hapa pa picha," nilisema, "tupafute?"

"Kwa nini? Si kweli?"

Nilimtazama. Alikuwa na doa la penseli puani, na macho ya mama yake.

"Ni kweli."

"Basi."

Nikataka walau niambatanishe kijikaratasi cha kueleza namna ya kuisoma. Akakataa, mama ataizungusha, alisema, mama ana mikono.

Kwa hiyo juu ya bahasha niliandika anwani tu. Gundi aliilamba yeye, akakunja uso kwa uchungu wake, akaigandamiza kwa ngumi mbili. Tukaenda posta tukikwepa madimbwi. Nilimnyanyua hadi kwenye tundu la sanduku. Akaishikilia kidogo, akaiachia, na tukaisikia ikitua juu ya barua za watu wengine.