Ngolo Nusu

Ukuta wa nyumba ya Shangazi Hildegardi ulianguka mchana kweupe, mvua ya kwanza ya maana ikinyesha, na kabla tope halijatulia mtu wa kulaumiwa alikuwa ameshapatikana. Ni mimi, Gertrude, mke wa Joakim.

"Udongo wa wanawake," alisema shemeji yangu Ladislaus, amesimama chini ya mwamvuli kana kwamba kaja mazishini. "Mnaona sasa? Nilisema."

Hakusema. Huyo mtu hajawahi kusema jambo lolote kabla halijatokea.

Kijiji chetu kiko milimani, ukishaipita Litembo ukaendelea kupanda. Huku kila anayejenga anachoma matofali, na kila tanuru linakula miti kama halijala mwaka mzima. Nilipoletwa hapa nikiwa bibi harusi, juu ya chemchemi kulikuwa na msitu wa kumficha ng'ombe. Leo miti iliyobaki unaiona yote kwa mtupo mmoja wa jicho, na ndoo unaitega, unasimulia habari za kijiji kizima, bado haijajaa. Wanaume wanaona sawa, maana si wao wanaoitega. Ndiyo maana nikamfuata Albina, jirani yangu, naye akawafuata wengine, tukaanzisha kikundi tukakiita Tujenge Bila Moto. Tulichekecha udongo mwekundu, tukachanganya na saruji kidogo ya kutoka Kitai, tukaushindilia kwa miguu ndani ya fremu ya mbao, tukayafunika matofali kwa majani ya migomba na kuyanyunyizia maji mpaka yakakaza. Jiko la Albina tulilijenga hivyo na mpaka leo limesimama. Watu walikuja kuligonga kwa vidole kama wanaobisha hodi.

Ndipo mradi wa nyumba za mfano ukaja. Ulituletea mashine ya chuma yenye mpini mrefu, ukamleta na Glorious, binti msanifu wa majengo. Hapo sasa mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo hasira zangu zilipoanzia. Udongo ulipokuwa wa kukanyagwa na miguu, ilikuwa michezo ya wanawake. Ulipopata mashine, na vikao, na soda za kwenye vikao, ikawa ujenzi, na ujenzi ni kazi ya wanaume. Kamati ikaundwa, Ladislaus akawa mwenyekiti, na sisi tulioanzisha tukapewa ndoo za maji na sufuria za kuwapikia mafundi. Jumapili, baada ya Misa pale kigangoni, akasimama na kutangaza kwamba wanawake wasipande eneo la ujenzi, wanaharibu vipimo.

Nyumba ya kwanza ya mfano ilikuwa ya Shangazi Hildegardi, shangazi wa mume wangu, mjane. Nyumba yake ya zamani ilibomolewa ili mpya ikae palepale, akaahidiwa kwamba mvua hazitamkuta nje. Akahamia jikoni kwangu, akawa analala kando ya mafiga na kukohoa moshi. Kila asubuhi ilikuwa vilevile.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Wamefika wapi?"

"Kwenye madirisha."

"Haya," angesema, na kuinamia uji wake.

Kiwanja chake kiko chini ya mteremko mkali. Glorious aliliona hilo, wala simnyimi haki yake. Alichora msingi wa mawe, upenu mpana, gata za kupeleka maji ya paa kwenye tangi, na mteremko wote wa juu akaujaza ngolo, ili maji yazame hukohuko kabla hayajaufikia ukuta. Asiyetoka huku ataniuliza ngolo ni nini. Ni kilimo cha mashimo cha Wamatengo. Nyasi zinakatwa na kulazwa kwa mistari inayokatana mpaka mlima unakuwa na miraba kama shuka ya mgolole. Kisha katikati ya kila mraba unachimba, udongo unaufukia juu ya nyasi pande zote nne. Maharage yanaota kwenye matuta, maji yanakaa shimoni, na mlima hauporomoki. Wanaume wanakata na kulaza nyasi, wanawake wanachimba. Hakuna anayefundishwa hilo, kama vile hakuna anayefundishwa kupiga miayo.

Lakini Glorious ni Mnyasa wa Liuli, kule pwani ya Ziwa Nyasa, ambako watu wanajua mihogo na samaki. Ngolo aliiona akiwa barabarani, akaipenda, akaichora. Alipoanza kuieleza kwenye kamati, Ladislaus alimkatiza.

"Binti, hiyo usitufundishe. Tumezaliwa humo."

Wakacheka wote, wakafungua soda. Nani atachimba, hakuna aliyeuliza.

Mwezi wa kumi na moja wanaume wakakata nyasi na kuzilaza. Walizilaza vizuri, sitaki kusema uongo. Joakim wangu alirudi jioni na majani kichwani, na nilipokuwa namnawisha nikamuuliza, "Na kuchimba?"

"Watachimba wa kuchimba," akanijibu, akavuta sahani.

Nikajua wameajiri watu. Ningejuaje vinginevyo? Mwezi wa kumi na moja si mwezi wa ngolo, sisi huchimba Machi, udongo ukiwa umelowa. Na kwenye eneo lenyewe nilikuwa nimefukuzwa. Yeye naye alijua nimeelewa kwamba wa kuchimba ni sisi, maana tangu lini mwanamke wa Kimatengo akaambiwa achimbe ngolo? Tunalala kitanda kimoja, tunakula chungu kimoja, na jambo hilo likapita katikati yetu bila kumgusa hata mmoja.

Mvua ilipokuja haikukuta shimo hata moja. Ilizizoa nyasi zote na kuzisukumia kwenye mtaro nyuma ya nyumba, mtaro ukaziba, maji yakajaa na kuulowesha ukuta wa nyuma mpaka ukakaa chini kama mzee aliyechoka. Shangazi aliona yote akiwa mlangoni pa jiko langu. Hakulia. Alikohoa kidogo, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo mwakani tena?"

Angenitukana ningevumilia zaidi.

Siku ya pili Ladislaus akaita sengu. Koo nyingi siku hizi zimeiacha, sisi bado tunayo: wanaume wa ukoo wanakula pamoja kwenye nyumba kubwa na kuzungumza mambo yao huku wakila, na kila mwanamke anapeleka chakula kutoka jikoni kwake. Sengu haivunjwi kabla ya kula. Nilikuwa natenga bakuli la maharage nilipomsikia.

"Matofali haya mabichi tuachane nayo," alikuwa akisema. "Tutachoma kama watu wengine. Miti ile ya juu ya chemchemi inatosha tanuru moja. Shangazi atavumilia mwaka mmoja."

Atavumilia! Mwenyewe analala kwenye nyumba ya sakafu, paa la bati jipya, halafu anamgawia bibi wa watu uvumilivu kama anayegawa peremende. Na miti ile ikishaungua, maji tutayachota wapi? Nikaliweka bakuli chini.

"Shemeji, ile ngolo ilichimbwa na nani?"

Wakaacha kutafuna.

"Swali gani hilo?" alisema Ladislaus. "Kuchimba ni kazi yenu."

"Mlituambia?"

"Mnaambiwa kila mwaka? Nyasi zikishalazwa mnajua."

"Ulitangaza kigangoni tusipande kule."

"Nilisema ujenzi. Ngolo ni kilimo."

"Imechorwa kwenye mchoro wa nyumba, Shemeji. Ni ukuta kama kuta nyingine."

Aliwatazama wenzake, na wenzake wakatazama ugali. Mume wangu alikuwa katikati yao, naye akautazama.

"Gertrude," Ladislaus akasema taratibu, kwa ile sauti ya kumtuliza punda, "sengu si mahali pa wanawake kujibizana. Kesho tutamaliza mambo ya tanuru."

Nikatoka. Nilikuwa na hasira na Ladislaus, nilikuwa na hasira na Joakim na kimya chake, na njiani nikagundua kwamba nimekasirika hata na lile bakuli, kwa sababu maharage yake niliyapika vizuri.

Asubuhi nilimkuta Albina chemchemini na wenzetu wengine, ndoo zimetegwa. Nikawaeleza. Wakaitazama ile miti. Kisha Albina, ambaye ni mpole mpaka kuku wanamwonea, akasema, "Wao walilaza nyasi wakaenda zao. Na sisi tulaze."

Mchana tukaenda kwenye nyumba kubwa kwa mstari, vyakula vimefunikwa kama siku zote, tukapiga magoti na kutenga. Mimi nilitenga unga kwenye ungo, nikausawazisha ukapendeza. Albina alitenga maharage, yamechaguliwa na kuoshwa. Mwingine alitenga usipa, wale dagaa wakavu wa Ziwani, mwingine matembele yaliyofungwa kwa kamba, mwingine chungu cha maji baridi. Kuni tukazipanga katikati ya mafiga pale uani, na juu ya kuni tukaweka kiberiti.

"Karibuni chakula," nikasema.

Ladislaus alifunua ungo wa kwanza. Akafunua sufuria. Akachovya kidole kwenye maji.

"Hiki ni nini?"

"Chakula, Shemeji. Sisi tumeshalaza. Watapika wa kupika."

Joakim aliinua macho haraka, akanitazama, kisha akayashusha. Yeye ndiye aliyeelewa wa kwanza, na ilimpasa. Sisi tukaondoka bila haraka, tukaenda kukaa nyuma ya jiko la Albina, mahali ambapo mtu anaona uani kwa watu bila kuonekana.

Tulicheka mpaka tukashika mbavu, lakini msidhani ni kicheko cha furaha. Walibishana kwanza nani awashe moto. Kuwasha wakawasha, moshi ukawatimua wote uani. Ugali wao ulikuwa na mabuje ya unga yenye ukubwa wa yai. Maharage walisubiri wee, njaa ikawashinda, na kwa kuwa sengu haivunjwi kabla ya kula, wakayala. Ladislaus ndiye aliyeanza, kama mwenyekiti, na habari ya tanuru haikupata nafasi.

Joakim alirudi nyumbani anatembea kama aliyebeba mzigo tumboni.

"Nimeelewa," akasema.

"Umeelewa nini?"

"Kesho nipe jembe."

"Liko pale linapokaa siku zote."

Akazunguka nyumba nzima akilitafuta. Nikamwacha azunguke.

Kesho yake wakapanda mteremkoni na majembe, si wote, na Ladislaus wa mwisho, kwa kuwa tumbo lilikuwa bado na maoni yake. Walikata nyasi upya na kuzilaza, hapo hawakuwa na shida. Kuchimba ndiko kulikowaumbua. Walikuwa wanatupa udongo wote upande wa chini kama wanaochimba choo. Shangazi Hildegardi akapanda na fimbo yake, akakaa juu ya jiwe na kuwaelekeza mraba kwa mraba. "Vuta kwako. Na huku. Na huku pia, hapo umeacha uchi." Sisi wanawake tukaenda kwenye mashine tukaanza kufyatua matofali ya ukuta mpya. Hakuna aliyetufukuza. Kama yupo aliyetaka, alikuwa na malengelenge mikononi na hakuwa na nguvu za kusema.

Glorious alirudi kutoka Songea akawakuta hivyo, wanaume juu, wanawake kwenye matofali. Nikamweleza.

"Nilidhani anayelaza ndiye anayechimba," akasema, na uso ukambadilika. Akaenda kwa Ladislaus palepale, mbele ya watu, akamwambia kwamba Gertrude na Albina wanaingia kwenye kamati leo, la sivyo mashine inaondoka na gari alilokuja nalo. Nilipaswa kumshukuru. Sikumshukuru. Hilo lilitakiwa kusemwa siku mashine inashushwa.

Mvua haikusubiri tumalize. Siku moja mchana, paa limeshakaa, ilinyesha ile ya kupiga kama kokoto. Nilikimbilia ndani ya nyumba ya Shangazi, nikaubandika mkono wangu kwenye ukuta wa nyuma na kuuacha hapo. Mvua ikapiga, ikapiga, na mkono wangu ukabaki mkavu. Juu kule mashimo yalikuwa yamejaa maji, yametulia. Nikalia kidogo, kwa kuwa hapakuwa na mtu.

Shangazi akahamia. Miti ya chemchemi imesimama mpaka leo. Siku ya ufunguzi akaja mgeni wa heshima na watu wake, akakata utepe, akasifia upenu na tangi, kisha akainua macho mlimani.

"Na yale mashimo mazuri kule juu," akauliza, "ni nani aliyeyachimba?"

Ladislaus akasimama, kanzu ya sikukuu imenyooka. "Ni sisi wanaume, Mheshimiwa."

Na ilikuwa kweli, hilo ndilo lililonichoma zaidi. Watu wakapiga makofi. Makofi yakamlevya, akageuka upande wetu na kutupungia mkono kwa hisani.

"Na akina mama hawakuachwa nyuma," akaendelea. "Walituunga mkono kwa chakula."

Shangazi Hildegardi alikuwa amekaa kwenye kizingiti chake kipya, na sherehe nzima hakuwa amefungua kinywa.

"Kibichi," akasema.