Kadi Nzito ya Mjomba Melkiori

Mimi naitwa Jenifa, na kabla sijaendelea niseme kabisa kwamba mjomba wangu nampenda. Nampenda sana. Lakini siku ile pale Singida mjini, kidogo nimng'ate.

Nina chumba cha gemu hapa Itigi, karibu na stesheni. Watu wanakuja kucheza mpira na mbio za magari kwenye kompyuta, wanalipa, maisha yanakwenda. Mwezi uliopita kadi ya picha iliungua. Kadi hiyo ndiyo inayochora kila unachokiona kwenye gemu, na bila hiyo mchezo unakwama-kwama, unapiga shuti leo goli linaingia kesho. Wateja wakaanza kupungua. Mama yangu, aliyeko Mitundu, akasema biashara gani hiyo, nirudi nikamsaidie dukani. Kaka yake, mjomba Melkiori, akanitetea: atauza asali yake, atachangia nusu ya kadi mpya. Ila akaweka sharti. Ligi ya chumba changu inaanza Jumamosi, na ikifika siku hiyo mashine bado inakwama, nafunga mlango nakwenda Mitundu kuwapimia watu sukari. Mama alilikubali sharti hilo haraka mno, na hilo nalo liliniuma.

Kwa hiyo sikufanya mchezo. Nilikesha kwenye simu na Bansari, mjukuu wa mzee Jivraj mwenye duka la kompyuta pale Singida. Bansari anazijua kadi kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, na tulilinganisha kila kitu. Kulikuwa na kadi mbili ambazo bei zake zinakaribiana. Moja ndogo, mpya, feni moja, garantii mwaka mzima, inakula umeme kidogo, na gemu mpya ya mpira inatembea humo bila kukwama. Ya pili mtumba. Kubwa, feni tatu, taa za rangi kama za baa. Enzi zake ilitamba, sikatai, lakini sasa gemu mpya zinaishinda, inachemka, na inataka nyaya mbili nene za umeme ambazo pawa saplai yangu haina. Pawa saplai ni kile kiboksi kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Cha kwangu ni kidogo. Ukiichomeka ile kadi kubwa kwangu haiwaki. Sisemi itawaka kwa shida, nasema haiwaki. Bansari akasema chukua ndogo, nikasema nachukua ndogo, tukawa tumemaliza.

Halafu mjomba akasema tunakwenda wote.

Nielewe hapa. Kwetu, mkubwa akitia mkono wake kwenye pesa, dukani anaongea yeye. Kubisha unaruhusiwa, lakini utabishia nyumbani. Kumkatisha mjomba wako mbele ya muuzaji ni kumvua nguo, na habari hiyo itafika kwa mama kabla yako. Sawa, nimelelewa hivyo. Ndiyo maana nilimweleza yote ndani ya basi, toka Itigi mpaka Manyoni, na toka Manyoni nikarudia tena. Yeye anaitikia, eeh, eeh, eeh. Nikajua somo limeingia. Kumbe mzee mzima anasinzia macho wazi!

Mzee Jivraj alimpokea kwa mikono miwili, maana ananunua asali ya mjomba miaka na miaka. Wale wana utaratibu wao. Mjomba akileta dumu, mzee Jivraj hahangaiki kuonja. Analinyanyua tu, linaning'inia mkononi, anatikisa kichwa kwamba sawa. Asali iliyoiva ni nzito. Iliyorinwa mapema ni nyepesi, ina maji, na haikai, itachacha. Kwa asali wako sahihi, wala sina ubishi nao.

Sasa jamani, kadi ya picha nayo ni asali?

Bansari alileta maboksi mawili. Mjomba akachukua moja mkono huu na jingine mkono huu, akafumba macho. Nikaona balaa linakuja na sina pa kukimbilia. Akalirudisha mezani lile la kadi ndogo.

"Hii nyepesi," alisema. "Wameitoa mapema."

Wameitoa mapema! Na mzee Jivraj, mtu aliyeanza kuuza kompyuta mimi sijazaliwa, badala ya kumwambia ndugu yangu acha hizo, akayachukua maboksi naye akapima, akasema kweli, ile nyingine ina mwili. Sijui kama alikuwa anamstahi rafiki yake au aliamini kabisa. Sijui, na kutojua huko kunanikera mpaka leo. Bansari akajaribu. Akauliza kwa adabu pawa saplai yetu ina nguvu kiasi gani, na mjomba akajibu bila kupepesa macho kwamba ina nguvu ya kutosha. Hajawahi kuiona! Nikafungua mdomo, mjomba akaninyooshea kiganja bila hata kugeuka. Bansari akafungua mdomo, babu yake akamwambia akafunge mzigo. Tukabaki tunatazamana, sisi wawili tuliofanya kazi yote, huku wazee wanapatana bei juu ya vichwa vyetu. Bei ya ile kubwa ikashuka mpaka ikalingana na ya ndogo, wakapeana mikono, wakafurahi. Bansari aliingia nyuma na maboksi yote mawili, akakawia, akatoka na lile la feni tatu limezungushiwa gundi pande zote. Hakunitazama usoni. Hapo nikamchukia na yeye.

Njia nzima mjomba alilipakata lile boksi. Abiria aliyeuliza kuna nini aliambiwa alinyanyue kwanza ndipo ajibiwe. Mimi niligeukia dirishani, roho inanichoma, naiona mizani ya mama na foleni ya watu wa sukari. Tulipofika Itigi akaliweka kwenye meza yangu, akaita majirani nao wanyanyue. Severina, mama jirani mwenye steshenari, alilinyanyua mara mbili na kumpongeza mjomba kwa jicho lake la kuchagua. Jicho gani? Alikuwa amefumba!

Walipoondoka nikampigia Bansari, na salamu sikutoa. Nilimwambia alijua na akanyamaza, kwamba urafiki wake ni wa kwenye simu tu, kwamba Jumamosi nafunga chumba changu kwa sababu babu yake na mjomba wangu wanapima kompyuta kwa kiganja. Akaniacha nimwage yote.

"Umefungua boksi?" akauliza.

"Nifungue la nini?"

"Jeni. Fungua boksi."

Nikakata gundi. Ndani kulikuwa na kadi ndogo, mpya, na karatasi yake ya garantii. Pembeni yake kulikuwa na mfuko wa dengu, umebanwa vizuri usicheze. Nilikaa sakafuni nikacheka, halafu nikalia kidogo, halafu nikamwomba Bansari msamaha kwa kila neno. Akasema dengu ni za jikoni kwa bibi yake, na bibi ameshaanza kuuliza zimekwenda wapi.

Jumamosi mashine iliwaka na mpira ukateleza kama nilivyotaka. Chumba kilijaa mpaka wengine wakachungulia dirishani. Mitundu nimeiepuka, nikasema moyoni, basi ninyamaze, mzee wa watu abaki na furaha yake. Kweli kabisa niliamua hivyo. Lakini mjomba alikaa mbele ya wote, akasimulia jinsi alivyoipima, na kwamba huyu mtoto alikuwa anang'ang'ania kale kepesi. Watu wakanitazama kwa huruma. Nikameza. Akasimulia tena kwa walioingia baadaye. Nikameza tena.

Ndipo Severina akasema anataka kununua kompyuta ya steshenari yake. Amedunduliza muda mrefu, Jumatatu anakwenda Singida, na anamwomba mzee Melkiori aende akamchagulie.

"Hilo dogo," mjomba akasema. "Nitakupimia."

Hapo nilishindwa. Aibu yangu ni yangu, lakini akiba ya Severina ikaingie kwenye chuma kisichowaka, mimi nimekaa kimya kwa ajili ya adabu? Niliingia nyuma nikarudi na ule mfuko, nikasimama mbele ya mjomba wangu, mbele ya watu wote.

"Shikamoo mjomba," nikasema.

"Marahaba."

Nikamwekea mfuko kiganjani. "Uzito uliopakata kutoka Singida ni huu hapa. Kadi inayocheza sasa hivi ni ile nyepesi."

Waliokuwa wanacheza wakasimamisha mpira. Mimi nikasubiri kufukuzwa kwenye ukoo. Mjomba aliutazama mfuko, akaitazama skrini, akautazama tena mfuko. Kisha, maana huyo ndiye yeye, akaanza kuupima. Akaupandisha na kuushusha taratibu, macho amefumba.

"Dengu hizi hazifiki kilo," alisema.

Hakuna aliyethubutu kucheka. Akauweka mfuko mezani, akasogea upande mmoja wa benchi, akanionyesha pa kukaa, kati yake na Severina.

"Haya, mwambie anunue ipi," alisema. "Na mimi nasikiliza."

Nikakaa. Nilianza na pawa saplai, polepole, kama nilivyoeleza ndani ya basi, na kila nilipofika mwisho wa jambo nilimgeukia mjomba kuhakikisha kwamba hasinzii.